Mshono wa Kwapani

Watu wa mtaa wa Kamere wakikuuliza mgonjwa anaendeleaje, wengi wanataka kujua kama atarudi kazini, na kama harudi, nafasi yake itaenda kwa nani. Si roho mbaya. Ni njaa, na njaa haina adabu. Ndiyo maana Ndegwa aliporudi kutoka hospitali kubwa ya Nakuru Ijumaa ile, ameshikwa mkono na mkewe Naliaka, ploti nzima, wapangaji wote, ilitoka milangoni kuangalia anavyotembea. Alitembea vibaya. Wakamwambia, "Mungu ni mwema, umepona," kisha wakarudi ndani kugeuza ugali.

Ndegwa alikuwa mpiga dawa katika shamba moja la maua kando ya ziwa. Wapiga dawa walikuwa tisa. Kazi yao ni kuvaa suti nzito ya plastiki ya manjano, buti, glavu na barakoa ya uso mzima, kisha kuingia kati ya mistari ya waridi na kunyunyiza sumu ya wadudu. Zamani walimaliza mapema asubuhi, jua likiwa bado na huruma. Lakini miaka hii hali ya hewa imeharibika. Kuna kautitiri kekundu kanakopenda joto na ukavu. Ukikapiga leo, keshokutwa kako palepale juu ya jani kanakutazama. Basi shamba likaongeza zamu ya mchana. Sasa hebu fikiria: nyumba ya nailoni ya kukuzia maua, jua la utosi, na ndani yake binadamu aliyefungwa ndani ya plastiki. Mimi nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani natiliwa chumvi.

Naliaka alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa kwenye kibanda mbele ya mlango wao. Jioni moja Januari mumewe alirudi hawezi kushusha mikono. Ngozi ya kwapani ilikuwa imeiva na kuchubuka. Kanuni ya shamba ilisema suti isitoke getini, ila mashine ya kuoshea ilikufa Krismasi na wanaume wakaambiwa kila mtu ajifulie kwake Jumamosi. Kwa hiyo suti ilikuwa pale, imeanikwa kwenye kamba. Naliaka akaichukua, akachukua mkasi, akafungua kwapa zote mbili na sehemu ya mgongo chini ya kola. Akapinda kingo kwa sindano nene ili zisichanike, akaweka na kifuniko kidogo ili mtu akiangalia kwa mbali asijue. Ilikuwa kazi safi. Jumatatu Ndegwa alirudi akicheka kama mtoto. "Mama Abby, leo nimepata upepo!"

Waithaka, jirani na rafiki yake wa kazini, akataka ya kwake pia. Halafu mwingine. Kabla mwezi kuisha, suti zote tisa zilikuwa zimepita chini ya sindano ya Naliaka. Supavaiza wao, Kinyanjui, aliona na kugeuza macho, maana dawa ilikuwa inapigwa na hakuna aliyekuwa akiomba kutoka nje. Usiseme walikuwa wajinga. Walijua kabisa kwamba panapoingia upepo na dawa itaingia. Lakini joto unalisikia leo, na dawa mtu anajiambia ataisikia miaka ijayo, watoto wakishamaliza shule.

Ndegwa aliisikia Februari. Alianguka kati ya waridi, mate yakimtoka, misuli ikimrukaruka. Daktari alisema ni joto na sumu, vyote viwili, na kwamba asiguse dawa tena maishani mwake.

Jumamosi jioni Waithaka alikuja kumjulia hali na paketi mbili za maziwa na sukari. Alikaa kwenye kochi ukingoni, kama mtu ambaye hatakaa sana.

"Niaje, Baba Abby."

"Niko tu. Unaona mwenyewe."

"Umekonda, lakini rangi imerudi."

"Rangi gani? Wewe wacha uongo."

Wakacheka kidogo. Naliaka akawamiminia chai, akaketi kwenye kigoda karibu na pazia. Alikuwa amelala kwenye sakafu ya hospitali muda wote ule na bado mgongo haukuwa wake.

"Jumatatu naitwa ofisini," Ndegwa akasema. "Huyu msichana wa HR, ofisi ya wafanyakazi, Sue, alikuja mpaka wodi. Amebeba suti yangu ndani ya mfuko. Akaniuliza, hii ni nini? Nikamwambia ni suti. Akaniambia mtu akiharibu vifaa vya usalama kwa makusudi, huyo amejifuta kazi mwenyewe."

"Na daktari ameandika aje?"

"Ameandika nisiguse dawa. Sasa Sue anasema hivi: ikionekana ni kazi imenifanya nikawa mgonjwa, napelekwa kwa chumba cha baridi, napanga maua, mshahara ule ule. Ikionekana ni mimi nilijiharibia, naenda nyumbani mikono mitupu. Na bili ya Nakuru ni yangu."

Waithaka akapiga ulimi. "Utawaambia nini?"

"Ukweli. Kwamba si Ndegwa pekee. Walete suti zote tisa wazifungue. Wakikuta zote zimekatwa, watajua shida si mtu, shida ni joto. Kifo cha wengi harusi, Waithaka. Watawafuta kazi watu tisa? Dawa atapiga nani?"

Waithaka alizungusha kikombe mkononi. "Asubuhi pale getini kunakuwa na vijana wangapi wanatafuta kazi?"

"Wengi."

"Basi."

"Hawajui kupiga dawa."

"Na sisi tulijua? Tulifundishwa siku moja, Ndegwa. Na nusu ya hiyo siku tulikuwa tunakunywa soda."

Ndegwa akamtazama. Alikuwa amezoea kuongea na Waithaka akiwa amevaa barakoa, kwa ishara za mikono, na sasa uso mtupu wa rafiki yake ulimpa shida kidogo kuusoma.

"Kwani unaniambia ninyamaze?"

"Sijasema hivyo."

"Unasema nini?"

"Nasema chai ni tamu," Waithaka akajibu, akaweka kikombe chini kikiwa bado nusu, akaaga.

Jumapili watu walipotoka kanisani, Chelagat, mke wa Waithaka, alisimama mbele ya kibanda na gunia mkononi. Ndegwa alikuwa amelala ndani, nyuma ya pazia. Dawa za hospitali zilimlaza mchana kama mtoto mchanga.

"Mama Abby, uko?"

"Niko. Karibu, Mama Zeddy."

Chelagat hakukaa. Alifungua gunia, na ile rangi ya manjano ikaonekana. Ilikuwa suti ya Waithaka, imefuliwa, bado ina unyevu.

"Kinyanjui aliwaambia jana wakitoka kazi. Kesho asubuhi suti zote zinaangaliwa, moja moja. Halafu akasema yeye hajasema kitu."

"Sasa?"

"Sasa uzibe."

Naliaka alivuta kiti chake nyuma. Akatazama pazia, akashusha sauti. "Mama Zeddy, unajua kesho mzee wangu anaenda kusema nini?"

"Najua. Waithaka aliniambia. Amekaa macho mpaka asubuhi."

"Nikiziba hii, Ndegwa atasimama pale aonekane mwongo."

"Na usipoziba, Waithaka anafutwa pamoja na yeye. Watakaa hapa nje wawili wakiangalia ziwa. Hiyo itakusaidia nini?"

"Pengine hawatafutwa. Pengine watahurumia."

"Pengine." Chelagat sasa alikaa, juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mama Abby, mimi sitaki kukukumbusha vitu. Lakini ukiwa Nakuru, watoto wako walikula kwangu."

"Umeshanikumbusha."

"Eh. Nimekukumbusha." Akafuta uso kwa leso. "Nisamehe. Ningekuwa na kitu kingine cha kusema, ningekisema."

Naliaka hakukasirika. Angependa kukasirika, hasira ingemwambia la kufanya. Lakini tangu ile simu ya kumwambia Ndegwa ameanguka, kitu fulani ndani yake kilikuwa kimekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Alihesabu tu, kama anavyopima kitambaa. Ndegwa akifutwa peke yake, ni nyumba moja inayolia. Wakifutwa wote, ploti nzima haina kitu, na ploti hiyo ndiyo inayomletea suruali za kupunguza na yunifomu za kushona. Tena wangeuliza fundi ni nani, na kila mke angenyoosha kidole kwenye kibanda hiki. Halafu akajiambia lile ambalo mtu hujiambia akishaamua: kwamba Ndegwa ni mgonjwa, kila mtu anaona, hata bila suti za wenzake watamwonea huruma.

"Nenda kwa yule wa kuziba pancha," akasema. "Niletee tyubu kuukuu na gundi."

Alikata kiraka cha tyubu, akakibandika upande wa ndani, akashona juu yake polepole kwa gurudumu la mkono ili sindano isivunjike. Kwa nje ulibaki mstari mwembamba tu, ungedhani suti ilitoka hivyo kiwandani. Chelagat aliikagua, akaikunja, akaondoka bila kusema asante. Na kweli asante ingekuwa matusi.

Labda hakumwambia mtu, labda alisema. Kamere siri haihitaji kubebwa. Kabla ya saa nane kulikuwa na wanawake wengine wawili kibandani, na mwanamume mmoja asiye na mke, wote na magunia, wote wakiongea kuhusu mvua ambayo haikuja ilhali ziwa limepanda hadi kumeza choo cha ploti ya chini. Hakuna aliyetaja Jumatatu. Walikuwa wakimwita Mama Abby kwa upole mwingi, kama anavyoitwa mfiwa. Wengine walitaka kulipa akakataa. Mmoja aliacha noti chini ya mkasi na kuondoka haraka, na jioni hiyo noti ndiyo ilinunua unga.

Ndegwa aliamka katikati ya suti ya sita.

"Unashona nini Jumapili?" akaita kutoka ndani.

"Yunifomu za watu."

"Pole. Usijichoshe, mama. Kesho tutakuwa tumejua."

Naliaka alisimamisha gurudumu. Aliona aibu, aibu ya kweli, usoni na shingoni, akangoja ipite. Ilipopita akamalizia kwapa la kushoto.

Jumatatu walitembea pamoja hadi shambani. Askari wa getini, ambaye Ndegwa alimpa salamu kila asubuhi kwa miaka saba, alimwomba kitambulisho. "Ni amri tu, mzee," akasema akitazama pembeni. Naliaka akaambiwa si mfanyakazi, hawezi kuingia kikaoni, lakini kuna benchi nje ya chumba. Akakaa hapo. Mlango ulikuwa wa kioo. Aliona kila kitu na hakusikia hata neno, kwa sababu ndani kulikuwa na AC na kila kitu kilikuwa kimefungwa.

Sue alikuwa msichana mpole, na huo ndio ukweli, singependa kumchafua. Alimvutia Ndegwa kiti, akampa chupa ya maji baridi, akaiweka suti yake mezani juu ya gazeti. Kwapa zilizokatwa zilikuwa wazi kama midomo. Kinyanjui alikaa upande mmoja, na Waithaka upande wa pili; wafanyakazi walikuwa wamemchagua awe shahidi wao.

"Bwana Ndegwa, niko hapa kukusikiliza," Sue akasema. "Hii ni nini?"

"Ni matundu ya upepo. Huko ndani kuna moto, madam. Mtu hawezi. Na si mimi pekee. Naomba muangalie suti za hawa wengine."

"Tumeziangalia asubuhi. Nane. Zote ziko sawa."

Ndegwa alidhani hakusikia vizuri. "Ziko sawa vipi?"

"Hazijakatwa."

Akamgeukia Waithaka. Waithaka alikuwa akisoma gazeti lililokuwa chini ya suti, kama vile habari yenyewe ilimhusu.

"Naomba niione moja," Ndegwa akasema.

"Hizi zina dawa," Kinyanjui akadakia. "Si vitu vya kuletwa kwa meza ya watu."

"Mletee moja," Sue akasema.

Kinyanjui alitoka, akakawia, akarudi na suti. Kwa bahati au kwa kukosa akili, aliichukua ile ya juu, na ya juu ilikuwa ya Waithaka, jina limeandikwa kifuani kwa kalamu nyeusi. Ndegwa aliipokea kwa mikono miwili. Akakipitisha kidole gumba chini ya kwapa, na kikakuta mstari.

Kidole kikajua kabla yake. Naliaka alikuwa na tabia ya kuanza mshono kwa kwenda mbele na kurudi, mbele na kurudi, hadi panakuwa na kifundo kigumu. Kilikuwa kwenye sketi ya shule ya Abby. Kilikuwa kwenye suruali aliyoivaa pale pale, kwenye paja. Sasa kilikuwa hapa, chini ya kidole chake, kwenye suti ya Waithaka. Yunifomu za watu.

Ilibaki jambo moja tu, na lilikuwa jepesi: kugeuza mkono wa suti ndani nje. Kiraka kingeonekana, cheusi kwenye manjano, na mtoto angeelewa. Ndegwa alishika pindo la mkono. Waithaka, bila kuinua kichwa, aliacha kupumua, na Ndegwa alimsikia akiacha.

Akatazama nje kupitia kioo. Mkewe alikuwa kwenye benchi, mkoba magotini, akimwangalia. Kama angetikisa kichwa, kama angemwomba kwa macho, nadhani Ndegwa angekasirika na kuigeuza ile suti mara moja. Lakini Naliaka hakufanya chochote. Alimwangalia tu, kama mtu anayesubiri zamu yake kliniki, na Ndegwa akaona jinsi alivyochoka.

Akaweka suti mezani.

"Ziko sawa," akasema.

"Na hii yako?"

"Hii nilikata mwenyewe."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Na mkasi wa nyumbani."

Sue akangoja, pengine kuna zaidi. Halafu akamgeukia shahidi. "Waithaka, hilo joto anasema, wewe unalionaje?"

Waithaka akakohoa. "Liko. Lakini mtu anazoea."

"Kuna yeyote amewahi kulalamika kwako, Kinyanjui?"

"Sijapokea malalamiko."

Sue akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyosemwa. Akamwambia Ndegwa kwamba anasikitika sana, kwamba angependa mambo yawe tofauti lakini amekiri mwenyewe, na kwamba ile chupa ya maji anaweza kuibeba. Ndegwa akaibeba.

Walirudi kwa miguu, polepole, wakisimama kwenye kila kivuli. Jua lilikuwa limeshika kazi. Walipofika kwenye ua wa mshubiri, Ndegwa akanywa maji nusu na kumpa mkewe nusu.

"Umeshona vizuri," akasema.

Naliaka akafunga kifuniko cha chupa.

"Ulishona ngapi?"

"Zote."

"Ukaniambia ni yunifomu."

"Nilikudanganya."

Wakatembea tena. Lori la maua likapita, limefungwa, likivuma kwa mashine yake ya baridi, waridi zikielekea uwanja wa ndege. Wakalipisha njia.

"Kwa nini hukuigeuza?" Naliaka akauliza.

"Wangeuliza fundi ni nani."

"Ni hiyo tu?"

"Pia nilikuwa nimechoka." Akafikiri. "Na Waithaka alikuwa amekaa pale kama kuku ameona kisu. Sikutaka kuwa mimi."

"Nigombeze hata kidogo, Baba Abby."

"Nikugombeze nikupeleke wapi?"

Alisema bila ukali, na hiyo ndiyo iliyomchoma. Naliaka alitaka kulia akakuta machozi hayapo. Walikuwa karibu na ploti Ndegwa aliposimama tena, mkono juu ya ukuta wa mtu, akitafuta pumzi.

"Kitu kimoja tu," Ndegwa akasema. "Mimi nilikuwa na upepo kidogo na bado nilianguka. Hao sasa umewafungia ndani."

"Watafungua tena wakizidiwa."

"Wafungue aje? Sue ameagiza zikaguliwe kila siku asubuhi. Kwapa kwa kwapa."

Na kweli zilikaguliwa. Kinyanjui alisimama mlangoni kila alfajiri, wanaume wanainua mikono kama wanaopekuliwa na polisi, yeye anavuta plastiki na kusema, "Sawa, ingia." Sumu haikuingia tena. Kwa upande huo shamba lilikuwa limeshinda. Walitoka huko buti zimejaa jasho, wanazimwaga nje ya mlango kama mtu amwagaye maji ya kuoshea vyombo.

Ndegwa alikaa kibandani siku nzima akikata nyuzi zilizobaki na kupiga pasi kola. Jua la nje hakuliweza. Wale wanane walipita asubuhi na jioni wakamsalimu kwa mbali, "Mzee, uko poa?" na mwendo ukaongezeka kidogo baada ya salamu. Wiki ya kwanza nyumba ya Ndegwa ililetewa unga na sukumawiki. Wiki ya pili sukumawiki. Baadaye watu walisema maisha yamekuwa magumu, na yalikuwa magumu kweli, hakuna aliyedanganya. Waithaka hakuja tena. Chelagat ndiye aliyekuja, bila kitu mkononi, akakaa juu ya ndoo yake, wakaongea na Naliaka habari za watoto.

Machi ikaingia kavu. Mvua iliyozoeleka kunyesha mwezi huo haikuonekana, na wazee kanisani wakaanza kuomba kwa sauti ya juu zaidi. Mchana mmoja, katikati ya wiki, joto lilikuwa limekaa juu ya mabati mpaka mbwa wa ploti wakaacha kubweka. Naliaka alikuwa akishona aproni. Chelagat akaingia kibandani bila kubisha. Alikuwa amevaa kandambili mbili tofauti.

"Waithaka ameanguka."

Mguu wa Naliaka ukaachia pedali. "Ako wapi?"

"Wamempeleka Nakuru na gari ya shamba. Kinyanjui amenipigia. Ati waligusa mwili wakadhani ameungua. Ati walimkata suti na kisu kumtoa." Aliongea haraka, bila machozi, kama mtu anayesoma ujumbe wa mwingine. "Ananiambia nisijali pesa. Ati kwa sababu suti iko sawa, haina tundu, si makosa yake. Watalipa kila kitu. Kila kitu, Mama Abby, mpaka kitanda."

"Hiyo ni vizuri," Naliaka akasema. Hakujua ametoa wapi maneno hayo.

"Si ungekataa?"

Naliaka akakunja aproni.

"Siku ile. Si ungekataa tu. Ningekasirika na wewe. Ningekusema kwa watu. Halafu ingeisha. Sasa mbona hukukataa?"

Angeweza kumjibu. Angeweza kumkumbusha ndoo, na leso, na watoto waliokula kwake, na ingekuwa haki yake. Ndegwa, akiwa na pasi mkononi, alimtazama mkewe akisubiri aseme. Naliaka aliinama chini ya cherehani, akavuta viatu vyake, akavivaa.

"Twende," akasema. "Mimi najua wodi."

"Beba kikombe," Ndegwa akamwambia Chelagat. "Na blanketi. Huko hawapeani. Na ukifika usisubiri kuitwa, ingia tu."

Chelagat aliitikia kila neno kwa kichwa. Alikuwa ameshafika mlangoni mwa kibanda alipogeuka.

"Baba Abby, Kinyanjui anasema haongei. Macho yake yako wazi lakini haongei. Wewe ulikaa siku ngapi kabla uongee?"

Ndegwa akasimamisha pasi wima. Alitafuta uongo, hata mdogo, na wa haraka haukupatikana.

"Mimi sikunyamaza," akasema. "Niliongea njia yote mpaka Nakuru."

Chelagat alisimama pale. Naliaka akamshika mkono, wakatoka kwenda barabarani kutafuta gari.